Alamu yangu ya kaboni monoksaidi ilisema sifuri, kipimo cha fundi kikasema 58

Mbena_Ughaibuni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, ila akifika nyumbani akishushe kile kidude cheupe cha ukutani, akigeuze na asome mgongoni.

Niko Ohio, nyumba ya kupanga, ya zamani, hita ya gesi iko chini kwenye besimenti. Kila Oktoba, baridi haijakaza, mwenye nyumba huleta fundi aikague. Mwaka huu alikuja mzee mmoja asiye na maneno mengi, kiunoni kaning'iniza kipimo kidogo mfano wa zile simu za tochi. Akashuka besimenti, akawasha hita, akakaa huko kama dakika ishirini, kisha akapanda kwenye korido ya vyumba vya kulala. Kipimo chake kikaanza kulia. Akasimama chini ya alamu yangu. Akaitazama, akatazama kipimo, akaitazama tena. Alamu yangu ina kioo cha namba, na ilikuwa imeandika 0. Kipimo chake kilisoma 58, maana yake sehemu 58 za kaboni monoksaidi katika kila sehemu milioni za hewa.

Akazima hita, akafungua madirisha, akatutoa nje mimi, mke na watoto tukiwa na soksi tu. Majirani walidhani tumefuatwa na watu wa uhamiaji.

Nje ndiko akanieleza kwamba lile bati linalotenganisha moshi wa hita na hewa inayokwenda vyumbani limepata ufa. Hilo ni la mwenye nyumba na limeshabadilishwa, sina la kulalamika. Kilichoninyima usingizi ni kile kidude. Fundi alikuwa na kopo la gesi ya majaribio garini, akaipulizia alamu. Kimya, sifuri vilevile. Akabonyeza kitufe cha kujaribia, ikapiga kelele mpaka mtoto akaziba masikio. Mzee akanirudishia mkononi akasema, "Kulia inajua. Kunusa ndiyo haijui."

Usiku nikaingia kwenye barua pepe. Nilinunua alamu mbili mtandaoni, jina la duka na la kampuni nayaacha. Nikaitafuta ile risiti, nikaipata, na pamoja nayo barua ya miezi 14 nyuma: bidhaa uliyonunua huenda isilie gesi inapokuwepo, acha kuitumia, tumekurudishia hela yako. Sikuwahi kuifungua. Nilidhani ni zile za "tuambie umeionaje bidhaa yetu". Na hela kweli ilirudi, iliingia kama salio la duka. Nilimnunulia mtoto viatu bila kujiuliza salio limetoka wapi.

Kwa hiyo miezi 14 familia imelala chini ya kitu ambacho aliyeniuzia anajua ni kopo tupu. Ya pili hata sijui iko wapi, nadhani ilitupwa tulipohama apatimenti ya kwanza.

Nimeuleta uzi ili wajuzi watufungue macho. Ni kwa njia gani bidhaa kama hizi zinaitwa zirudi kwa aliyeziuza, nani anaamua, na sisi wa kawaida tunajuaje? Karibuni.

KijanaMagomeni

Pole sana mkuu, Mungu ni mkubwa. Ila sisi wa Dar hita yetu ni jua la saa saba. Hili linatuhusu vipi? Halafu hiyo si ndiyo hewa ukaa tunayosikia kwenye habari za tabianchi?

NesiZuhura

KijanaMagomeni kaka yangu, hewa ukaa ni kaboni dayoksaidi, ile unayoitoa ukipumua na inayofanya soda itoe povu. Hii ya kwenye uzi ni kaboni monoksaidi. Majina yao ni ya ukoo mmoja, tabia mbalimbali kabisa. Monoksaidi hutoka pale moto unapokosa hewa ya kutosha: gesi, mkaa, kuni, petroli, vyote. Haina rangi, haina harufu. Ukiivuta inaing'ang'ania hemoglobini ya damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoweza, kwa hiyo damu inazunguka lakini haibebi kitu. Kichwa kinauma, kichefuchefu, miguu mizito, usingizi. Mtu anadhani ni mafua au malaria, tofauti ni kwamba joto la mwili halipandi. Dalili nyingine: mnaumwa nyumba nzima kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu. Hapo usitafute panadol, tafuta mlango.

Na inakuhusu. Nimefanya kazi Nyanda za Juu Kusini. Juni na Julai watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Wengi huliacha kwanza nje mpaka moshi uishe na mkaa uwe mwekundu, ndipo wanaliingiza wakiamini sasa ni salama. Moshi ulikuwa unakuonya. Mkaa ulioiva vizuri hautoi moshi, monoksaidi bado inatoka. Asubuhi wasipoamka, mtaa unatafuta mchawi.

FundiLeeds

Nimeona nichangie, maana kazi yangu ni vifaa vya gesi huku Uingereza mwaka wa kumi na moja sasa.

Yule mzee kasema kweli. Ndani ya alamu nyingi za kisasa kuna kihisi cha kikemikali, kijumba kidogo chenye majimaji na vipande vya metali. Monoksaidi ikiingia inaleta badiliko la kemia, umeme kidogo sana unatokea, na ubongo wa alamu unausoma ule umeme. Kitufe cha kujaribia hakigusi kihisi. Kinauliza betri ipo? spika inalia? saketi ni nzima? Basi. Alamu iliyokufa kihisi inafaulu jaribio la kitufe kila wiki bila wasiwasi. Watu hawaamini nikiwaambia hivyo, wanaona kama nataka kuwauzia nyingine.

Kihisi kinazeeka hata kama hakijawahi kunusa chochote. Miaka 5, 7, mingine 10, tarehe imeandikwa mgongoni. Na kinaweza kuharibiwa na mvuke wa vitu vya nyumbani, kama dawa za kupulizia nywele, rangi na silikoni ya mabomba. Ukipaka rangi chumba, ishushe kwanza.

Sasa mkuu Mbena, lazima niseme jambo ambalo huenda likakushangaza. Kwa 58, hata alamu nzima ya Marekani ingeweza kukaa kimya siku ile. Kiwango chao, UL 2034, kinataka alamu ilie ikiwa gesi ni 70 kwa muda kati ya saa 1 na saa 4. Ikifika 150, kati ya dakika 10 na 50. Ikifika 400, dakika 4 hadi 15. Ulaya tunatumia EN 50291: kwa 50 ilie kati ya dakika 60 na 90, kwa 100 kati ya dakika 10 na 40, na ikifika 300 isizidi dakika 3. Zimepangwa hivyo kwa sababu kinachoua ni kiasi na muda kwa pamoja, na pia kwa sababu alamu zilizokuwa zinalia ovyo zamani ziliwachosha zimamoto na watu wakazing'oa.

Kosa la alamu yako kwa hiyo si ukimya wa pale koridoni. Kosa ni ile sifuri kwenye kioo wakati gesi ipo 58, halafu kimya mbele ya kopo la majaribio. Hiyo haikuwa ikisubiri muda, hiyo ilikuwa kipofu.

Mbena_Ughaibuni

FundiLeeds, nimesoma mara tatu. Kwa hiyo hata ningekuwa na nzuri, tungeishi na 58 tukiumwa vichwa tu bila kujua? Mke wangu amelalamikia kichwa tangu Septemba, nikamwambia apunguze simu.

FundiLeeds

Nzuri yenye kioo ingekuonyesha namba. Ndiyo maana mimi napenda zenye kioo, ila za kampuni inayojulikana. Na mwombe shemeji msamaha.

KabatiLaMagazeti

Mmegusa kitu ninachokifuatilia miaka mingi, maana ni eneo ambalo kampuni kubwa kabisa zimejikwaa, siyo vichochoroni tu. Nitaleta machache ninayoyakumbuka vizuri. Yote ni ya Marekani, ambako tangazo hutolewa na kampuni pamoja na tume ya serikali ya usalama wa bidhaa, CPSC.

Linalonikaa kichwani zaidi ni la Novemba 2016. Kidde, kampuni ya kutengeneza alamu, waliita zirudishwe alamu zao za NightHawk, zile za moshi na monoksaidi kwa pamoja, zinazozungumza. Zilitengenezwa kati ya Juni 2004 na Desemba 2010, na idadi ilikuwa kama milioni 3.6. Tatizo lake ni la kibinadamu kabisa. Alamu ikifikisha miaka 7 inatakiwa ilie tip, tip, kumwambia mwenye nyumba kwamba nimezeeka, nitoe. Mwenye nyumba akisikia tip tip anafanya nini? Anabadilisha betri. Na hizi ukizibadilishia betri zilinyamaza. Mtu anajipongeza, kumbe kazizima mwenyewe. Dawa waliyotoa ni alamu mpya ya monoksaidi bure, au punguzo kwa mwenye kutaka ile ya aina mbili.

Miaka miwili kabla, Septemba 2014, kampuni hiyohiyo iliita alamu za moshi na za mchanganyiko kama milioni 1.2 kwa sababu zingeweza kushindwa kulia baada ya umeme kukatika. Fikirieni hilo. Umeme ukikatika ndipo watu wanawasha jenereta na majiko. Saa ya kuihitaji ndiyo saa inayokukimbia.

La 2018 lilikuwa la moshi tu, silo la monoksaidi, ila siwezi kuliacha. Alamu kama 452,000 zilitoka kiwandani na kifuniko cha njano kimebaki ndani, kimeziba kimoja cha vihisi viwili. Kifuniko cha kulinda vumbi wakati wa kuunganisha! Wateja wakaambiwa wamulike tochi pembeni waone kama kuna njano, ila wasijaribu kukitoa wenyewe.

Halafu Nest Protect, ya mwaka 2014, Google wakiwa ndiyo kwanza wameinunua Nest. Hii ilikuwa alamu ya kijanja, ukiunguza kitunguu unaipungia mkono inanyamaza. Kwenye majaribio wao wenyewe wakagundua kwamba mtu anayerukaruka kwa hofu karibu na moto naye anapunga mikono. Aprili wakasimamisha mauzo, Mei likatoka tangazo la vifaa kama 440,000. Hakuna aliyerudisha chochote kwa posta, walikizima kile kipengele kwa intaneti. Sijui niwapongeze au niwacheke. Basi niwapongeze, maana walijisema kabla hakujatokea la kutokea.

Asiyeamini

Wakuu mnapigwa. Hizi za kuita bidhaa ni biashara. Wanakutisha, unatupa kizima, unanunua kipya. Mimi ya kwangu ina miaka 12 na inalia vizuri nikiibonyeza.

NesiZuhura

Fundi kaeleza hapo juu kitufe kinapima nini. Panda juu usome, kisha urudi.

KabatiLaMagazeti

Asiyeamini, hasara ya kuita bidhaa huwa ya kampuni, ndiyo maana nyingine zinachelewesha. Sheria ya Marekani inamtaka mtengenezaji, mwagizaji, msambazaji au muuzaji akipata habari kwamba bidhaa ina kasoro inayoweza kuleta hatari kubwa aitaarifu tume ndani ya saa 24. Kidde hao hao, Januari 2021, walikubali kulipa faini ya dola milioni 12 katika kesi ya vizima moto kwa madai ya kutotoa taarifa kwa wakati. Biashara ya namna hiyo nani anaitaka?

Ila swali la Mbena, "nani anaamua", lina jibu gumu kidogo. Mara nyingi CPSC haiamrishi, inakaa mezani na kampuni na wanakubaliana. Sasa kama muuzaji yuko ng'ambo, hana ofisi, na barua hajibu, utakaa meza gani? Hapo tume hutoa onyo peke yake: watu, acheni kutumia hiki. Mwaka 2022 ilifanya hivyo kwa alamu za monoksaidi zenye vioo vya namba zilizokuwa zikiuzwa mtandaoni kwa majina kama GLBSUNION na CUZMAK, kwamba huenda zisilie kabisa. Onyo si sawa na kuita bidhaa. Hakuna anayekulipa, hakuna anayekutafuta.

Ndipo likaja lile la Amazon, na ninalileta kama kumbukumbu ya umma, sisemi kwamba ndiko alikonunua Mbena. Julai 2021 tume iliifungulia Amazon shauri kuhusu bidhaa zaidi ya 400,000 za wauzaji wengine zilizopita kwenye maghala yake. Humo mlikuwa na mashine za kukaushia nywele, nguo za kulalia za watoto, na alamu za monoksaidi kama 24,000 zisizolia. Amazon ikasema sisi ni wasafirishaji tu, na tayari tumewaandikia wanunuzi na kuwapa salio. Mabishano yakaenda mpaka Julai 2024, makamishna wakaamua kwa kauli moja kwamba kisheria Amazon ni msambazaji na ina wajibu. Moja ya malalamiko yao ni kwamba barua zile hazikueleza vya kutosha, na salio lilitolewa bila kuhakikisha kwamba kitu chenyewe kimeondolewa nyumbani. Amri ya mwisho ikatoka Januari 2025, na Machi Amazon ikaenda mahakamani kuipinga.

Mkuu Mbena, umeona? Kilichokupata wewe, barua usiyoifungua na salio lililogeuka viatu, watu walikwishakibishania miaka mitatu.

Mbena_Ughaibuni

Nimeona. Nimebaki natazama vile viatu.

PapaLushois

Bandugu, jambo yenu bote. Mie ni muntu ya Lubumbashi, niko ku Texas. Kiswahili yangu munaijua, musinicheke.

Ile mwezi ya pili 2021 theluji ilianguka huku, umeme ikakatika siku tatu kwetu. Ndani ya nyumba maji iliganda. Sisi batu ya Congo tunajua kazi ya mbabula na makala, ni kusema jiko na makaa, tangu utoto, lakini makala tunaiwasha inje, ku parsele. Huku inje ilikuwa baridi ya kuua. Jirani moja, si wa kwetu, akaleta ile jiko yake ya kuchomea nyama mu salon. Alamu ikalia. Bibi yake akasema inatusumbua batoto, akatoa betri. Mie niliisikia ku ukuta, ikalia, ikanyamaza. Nikafikiri wamezima moto. Kisha nikaona hapana, kwa nini harufu ya makala iko palepale? Nikaenda kugonga. Waliamka, lakini mtoto alikuwa analegea sana. Tulibatoa bote, ambulance ikakuja, wakapona.

Nyuma ya pale nikasoma ku magazeti kama mu ile wiki batu zaidi ya 1,400 walienda hospitali mu Texas juu ya hii sumu. Munasema alamu yenye haisikii. Mie niliona yenye ilisikia vizuri, na batu wakaikata mudomo.

FundiLeeds

PapaLushois, Mungu akubariki kwa kugonga ule mlango. Watu wangapi wanasikia kitu ukutani wakageuka upande wa pili wa kitanda.

Kwa faida ya wengine kuhusu milio: alamu nyingi za Marekani zikinusa gesi hulia milio minne ya haraka, kimya, minne tena. Hiyo ni kutoka nje na kupiga simu zimamoto. Mlio mmoja mfupi kila baada ya nusu dakika au dakika ni betri au uzee. Kitabu chake kitakwambia ni upi kati ya hivyo viwili, kama hujakitupa.

WaLimuru

Habari zenu wote. Huku kwetu baridi ya Julai mnaijua, na makaa ndani ya nyumba ni kawaida. Siku hizi pia kuna zile hita za gesi za kuogea zinazowekwa bafuni, bafu lenyewe kadirisha kake kama daftari. Nimetafuta hizi alamu Nairobi, nimezipata kwa maduka mbili tatu na zingine kwa wale wanaouza vitu za ex-UK. Fundi, hizo zilizotumika ni sawa? Bei iko chini sana.

FundiLeeds

WaLimuru, hapana. Huku England tangu Oktoba 1, 2022 mwenye nyumba lazima aweke alamu katika kila chumba cha kuishi chenye kifaa cha kudumu kinachochoma kitu, isipokuwa jiko la gesi la kupikia, na mpangaji akisema imeharibika ni lazima aitengeneze au aibadilishe. Kwa hiyo zinazong'olewa ni nyingi, na zinang'olewa kwa sababu: zimeisha muda, au zimeitwa zirudi. Kontena haliulizi. Kihisi hakina mtumba, dada au kaka. Redio ya mtumba ikifa utajua siku hiyohiyo. Hii ikifa inaendelea kuwaka taa ya kijani.

Ukipata mpya, tafuta maandishi EN 50291 au UL 2034 na tarehe ya kuisha iliyoandikwa kwenye mwili wake, siyo kwenye boksi. Chukua namba ya modeli uiandike kwenye tovuti ya CPSC au ya mtengenezaji uone kama kuna tangazo. Hita ya bafuni yenyewe iwe na bomba la kutolea moshi nje, alamu haiwezi kufanya kazi ya bomba.

Na kwa wanaotuma mapipa ya mizigo nyumbani, nawaomba, msitie humo alamu mlizozitoa ukutani.

KijanaMagomeni

Mimi niliyeuliza inatuhusu vipi, nimekaa kimya nasoma tu. Bibi yangu Lushoto ana jiko ndani muda huu.

Asiyeamini

Nimeishusha. Mgongoni imeandikwa ibadilishwe kabla ya 2020. Msiseme kitu.

Mbena_Ughaibuni

Wakuu, samahani nilipotea siku mbili. FundiLeeds alipoandika neno "mapipa" nilisimama kazini nikaenda chooni kumpigia mke wangu. Nikamwuliza, ile alamu ya pili tuliitupa? Akasema hatukuitupa, iliingia kwenye pipa la mwaka jana, pamoja na mablanketi na sufuria. Alisema kitu kizima kama kile kukitupa ni laana.

Nikampigia shemeji yangu Njombe. Akacheka, akasema ipo, tena ameitundika yeye mwenyewe kwenye chumba cha mama tangu Juni, na betri anabadilisha. Nikamwomba anielekezee kamera. Kweli ipo, juu ya kitanda, taa ya kijani, kioo kimeandika 0. Chini ya kitanda kuna jiko.

Nikaongea na mama. Anasema zamani alikuwa analitoa jiko nje kabla ya kulala kama nilivyomsisitiza. Tangu ameletewa mashine ya mwanawe analiacha mpaka asubuhi, maana mashine inalinda. Nikamwuliza asubuhi anaamkaje. Akasema kichwa huwa kizito mpaka saa nne hivi, ila ni presha, umri nao umekwenda.

Jiko limetoka. Dirisha lile lililozibwa kwa gunia limefunguliwa, amelalamika baridi, shemeji amemwongezea blanketi. Kesho anampeleka hospitali wampime. FundiLeeds nimekuandikia kwa faragha kuhusu ile yenye kioo unayoiamini, nataka mpya mbili, moja ya huku na moja nitaituma na mtu anayesafiri wiki ijayo.

Ile nyingine nilimwambia shemeji aivunje. Alikuwa anaona haya kuharibu zawadi, ikabidi nikae kwenye simu mpaka alipoleta nyundo.